"Jina Litakuja...": Sentensi Tuliyowafundisha Wazazi Wetu

Ndugu msomaji, fungua meseji zako za zamani. Sina shaka utaikuta hii: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja..." halafu linafuata jina la mtu usiyemjua. Wengi wetu tunacheka, tunafuta, tunaendelea na maisha. Tunasema tapeli huyu naye, atampata nani kwa maneno kama haya?

Mimi nilikuwa nacheka hivyo hivyo. Nimeacha mwaka jana, siku meseji hiyo ilipoingia kwenye kitochi cha mama yangu mdogo kule Ihanda, wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe. Iliingia kama saa mbili hivi baada ya mimi na yeye kukubaliana kwenye simu kwamba atanitumia shilingi 180,000.

Nieleze kidogo. Bumu lilikuwa bado, na mwenye nyumba wa geto alikuwa ameshaanza kunisalimia kwa sauti ile tunayoijua wote. Mama mdogo akauza mahindi, akaniambia jioni nitakuwa na hela. Basi meseji ikaingia: ile hela usitume kwenye namba yangu, ina deni, tuma kwenye hii, jina litakuja fulani. Kwa mama mdogo hiyo "ile hela" ilikuwa ni hela yangu, maana tulikuwa tumetoka kuizungumza. Tapeli hakuwa ametusikiliza. Hawa watu wanarusha meseji moja kwa namba nyingi, na katika watu wote hao hawakosekani wachache ambao siku hiyo kweli kuna "ile hela".

Akaenda kwa wakala. Dada wa pale akamwekea hela kwenye simu, na kwa kuwa macho ya mama mdogo hayaoni vizuri maandishi madogo, akamsaidia kuandika namba. Kabla ya kufika kwenye namba ya siri akasimama, akasoma kwa sauti: "Mama, limekuja jina hili. Ndiye mwenyewe?" Mama mdogo akajibu, "Ndiye mwanangu, ndilo jina aliloniandikia." Akaweka namba ya siri. Hela ikaenda.

Jioni nikapiga. "Shikamoo mama. Vipi ile hela?"

"Marahaba. Si nimeshatuma tangu mchana, kwenye ile namba ya rafiki yako?"

Tulipiga huduma kwa wateja tukaambiwa hela imeshatolewa, tukachukue namba ya taarifa polisi. Mama mdogo hakunilaumu. Alichouliza ni kimoja tu, na ndicho kimenifanya niandike makala hii: "Sasa mimi nimekosea wapi? Si jina nililiangalia?"

Kila niliyemsimulia chuoni alinipa jibu lile lile: angehakiki jina. Jamani, alihakiki! Wakala alihakiki kwa sauti, mbele ya watu. Kila kilichoandikwa kwenye matangazo kilifanyika, na bado hela ikaenda kwa mwizi. Kwa hiyo ninachotaka kusema ni hiki: jina linalotokea kwenye simu linakuambia laini imesajiliwa kwa nani. Halikuambii kama huyo ndiye mtu unayetaka kumtumia. Swali hilo la pili simu haiwezi kulijibu. Analijibu mtumaji, na anaweza kulijibu kama tu analifahamu jina hilo kutoka sehemu nyingine, nje ya meseji inayomwomba hela.

Tusidharau lakini hiyo hatua ya jina. Wakati huduma ya M-Pesa inaanza nchini mwaka 2008, kilio kikubwa kilikuwa kukosea tarakimu. Unaandika 7 badala ya 1, na hela ya ada inaangukia kwa mtu usiyemfahamu. Siku hizi jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri, na wengi wameokoka hapo. Wenzetu wa Kenya, kwenye mtandao wa Safaricom, huduma ya namna hiyo ilipewa jina lenyewe kabisa: Hakikisha.

Nyuma ya jina hilo kuna kazi kubwa. Tangu mwaka 2017 mteja anaweza kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba, kwa hiyo huwezi kusema namba inayoanza na 0754 lazima iwe ya Vodacom. Mfumo lazima kwanza utafute namba hiyo iko kwa nani, umuulize huyo jina la mwenye namba, kisha ukuletee wewe jibu. Iko programu huria iitwayo Mojaloop, iliyotolewa mwaka 2017 kwa msaada wa Wakfu wa Bill na Melinda Gates ili nchi ziunganishe benki na kampuni za simu hata kwa watu wa kipato cha chini. Jina lake limetokana na neno letu wenyewe, "moja". Humo muamala una hatua tatu: kumtafuta mpokeaji, kukubaliana masharti na makato, ndipo kuhamisha hela. Kumtafuta mpokeaji kumewekwa mwanzo kwa sababu ya wazi: katika mifumo ya aina hii hela ikishahama imehama, mtumaji hawezi kuivuta mwenyewe. Hapa kwetu Benki Kuu ina mfumo wake wa malipo ya papo hapo, TIPS, unaounganisha mabenki na mitandao ya simu. Hela inafika ndani ya sekunde, na sekunde hizo hizo zinamtosha mwizi.

Sasa tuliangalie hilo jina kwa macho ya Ihanda, siyo kwa macho ya ofisi.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza mwaka 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kufungwa. Nia ilikuwa kila laini ijulikane ni ya nani. Lakini wakati ule watu wengi walikuwa hawajapata namba ya NIDA, na njia iliyokuwa karibu ni kusajili kwa jina la mwanao, mumeo au jirani. Laini ya mama mdogo mwenyewe iko kwa jina la binamu yangu. Ukimtumia hela linatokea jina la kijana wa kiume. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka yote amezoea kwamba jina linalotokea si lazima liwe la mtu unayemtumia. Utamwambiaje ashtuke jina geni likitokea?

Na matapeli wanaitumia hali hiyo hiyo. Wapo wanaosajili laini kwa vidole vya watu wengine, kwa mfano mtu anaambiwa dole halijasoma vizuri, rudia tena, kumbe inasajiliwa laini ya pili. Ndiyo maana kila mtu anapaswa kupiga *106# mara kwa mara aone laini ngapi ziko kwenye NIDA yake. Jina lililosomwa na yule dada wa wakala siku ile huenda lilikuwa la mtu halisi, mkulima au mwanafunzi asiyejua kwamba anasakwa na familia yetu.

Jina lina ubaya mwingine ambao hatuuzungumzi. Mtu yeyote akiwa na namba yako anaweza kuanza kukutumia shilingi mia chache, akaona jina lako, akaghairi. Halafu anakupigia: "Habari za leo," na anakutaja majina yako yote mawili, "napiga kutoka ofisi fulani." Ukishatajwa jina unalegea. Chombo kilichowekwa kumlinda mtumaji kinampa mwizi mwanzo mzuri wa mazungumzo.

Uingereza walijaribu njia tofauti. Tangu mwaka 2020 mabenki makubwa ya huko yana utaratibu ambao mtumaji ndiye anayeandika jina kwanza, na mfumo unajibu: linafanana, linakaribia, au halifanani. Nchi za Umoja wa Ulaya zinazotumia yuro nazo mabenki yake yametakiwa kufanya hivyo tangu Oktoba 2025. Naona njia hiyo ina faida mbili: mgeni hawezi kuokota jina lako kirahisi, na mtumaji analazimika kujua jina kabla ya kuonyeshwa. Lakini tuseme ukweli, hata hiyo isingemwokoa mama mdogo. Tapeli alishampa jina. Angeliandika kama lilivyo, na mfumo ungejibu: linafanana kabisa.

Sisi wa ualimu tunalijua jambo hili kwa sura nyingine. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikutana na mtoto anayesoma aya nzima bila kukosea hata silabi moja, ukimuuliza aya imesema nini anakutazama tu. Hatusemi mtoto huyo anajua kusoma. Basi na mtu anayesoma jina kwenye simu na kusema "ndilo" kwa sababu linafanana na lile la kwenye meseji, hajahakiki. Amelinganisha maandishi mawili yaliyotoka kwa mwizi mmoja.

Nifike sehemu ambayo hamtaipenda. Hata mimi sikuipenda.

Baada ya tukio lile nilirudi kwenye meseji zangu na za nyumbani. Katika mwaka mmoja nilikuwa nimewaandikia mara nne watume hela kwenye namba isiyo yangu. Mara ya kwanza laini yangu ilikuwa na mkopo wa simu, nikaogopa hela ikiingia itakatwa. Mara ya pili simu iliisha chaji. Mara ya tatu nilikuwa nadaiwa na mwenzangu wa chumba, nikaona hela iende kwake moja kwa moja. Mara ya nne ni uvivu tu, nilikuwa nimesimama kwa wakala wa mtandao mwingine. Na mara zote nne niliandika maneno yale yale: tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani.

Tapeli hakuhitaji kubuni chochote. Ile "ina deni, watakata" ni kisingizio changu mimi. Ile "jina litakuja" ni sentensi yangu mimi. Mama mdogo alipoiona hakuiona kama kitu kigeni, aliona mtoto wake anaandika kama anavyoandika siku zote. Tumewazoesha wazazi wetu kutii meseji ya aina hii bila kuuliza, halafu wakiibiwa tunawaita washamba. Mzazi aliyeuza mahindi au kahawa ili ukae darasani siyo mshamba. Anakuamini, na sisi tumeichezea imani yake.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia.

Wa kwanza anasema: wakati mwingine kweli laini ina shida, simu imeibiwa, ufanyeje? Azima simu, upige, usikike. Usiandike. Sauti inaweza kudanganya siku hizi, nakubali, ndiyo maana sisi nyumbani sasa tuna swali letu. Siliandiki hapa, lakini ni kitu ambacho ni sisi wa nyumba ile tu tunakijua. Babu anasema enzi zao hela ilitumwa kwenye bahasha kwa konda wa basi, na ukienda kuipokea barabarani konda alikuhoji kwanza: wewe wa kwa nani? Baba yako nani? Ukijikanyaga, bahasha inabaki kwenye basi. Sisi tumepata vyombo vya kasi, tukaliacha swali.

Wa pili anasema: mzazi hana vocha, mtandao unakatika, na mimi niko kwenye kipindi. Basi hela isubiri. Laki na themanini ikichelewa hadi jioni bado ni laki na themanini. Mwenye nyumba atanuna, atanunua tena.

Wa tatu anasema hii ni kazi ya kampuni za simu na serikali, si ya mama mdogo. Huyu ana hoja nzito zaidi, na namuunga mkono nusu. TCRA ina namba 15040 ya kupokea taarifa: namba iliyokutumia ujumbe wa kitapeli unaituma huko. Tuitumie, maana tapeli unayemfuta tu anabaki na laini yake ileile kwa ajili ya mama wa mwenzako. Lakini naona kampuni zinaweza kwenda mbali zaidi. Kwa nini simu isimwambie mtumaji, "Namba hii hujawahi kuitumia hela"? Hilo lingemshtua mama mdogo kuliko jina. Kwa nini jina lisitamkwe kwa sauti, kwa mtu asiyeona vizuri au asiyesoma, ili asitegemee jicho la wakala? Huwezi kujisifu kwamba huduma yako ni ya wote huku ulinzi wake mkubwa ukiwa ni maandishi.

Wengine wanapendekeza hela ya kwanza kwa namba mpya ikae kwanza saa moja, ili mtumaji aweze kughairi. Nililiwaza hilo nikakumbuka Tunduma. Pale mpakani na Nakonde mnunuzi na muuzaji wa mahindi wanaonana leo kwa mara ya kwanza, roli linasubiri kupakia, na hakuna atakayeachia mzigo kwa hela ambayo iko njiani. Ukichelewesha kwa lazima utaumiza biashara nyingi za halali. Iwe hiari basi: mzazi achague mwenyewe kwenye laini yake kwamba namba mpya zisubiri. Mama mdogo hanunui mahindi ya roli. Angeweza kuchagua hivyo na asipungukiwe na kitu.

Wakati tunasubiri hayo, yapo ya kwetu hapa chuoni ambayo hayahitaji ruhusa ya mtu.

La kwanza, kila mwanafunzi awe na namba moja ya kupokelea hela ya nyumbani, iliyosajiliwa kwa jina lake. Awaambie wazazi kwa mdomo: hii ndiyo namba, jina litakalotokea ni langu, na sitaibadilisha kwa meseji hata siku moja. Ukiona meseji inayosema nimebadilisha, huyo siyo mimi. Kisha uitimize ahadi hiyo, hata siku laini ina deni. Lipa deni.

La pili, michango ya darasa. Leo tunachangia safari, kesho msiba, na hela inaingia kwenye laini binafsi ya CR. Siku akaunti yake ya WhatsApp ikitekwa, na tumeona zikitekwa, ujumbe mmoja wa "jamani namba imebadilika, jina litakuja fulani" unatosha kukusanya michango ya darasa zima. Kila darasa liwe na Lipa Namba yake, itangazwe ana kwa ana mwanzo wa muhula, ibandikwe ubaoni, na isibadilishwe kwenye kundi la WhatsApp kwa sababu yoyote. Naiomba serikali yetu ya wanafunzi ilisimamie hili kuanzia muhula ujao.

La tatu, wanaojiunga mwaka wa kwanza. Malipo ya vyuo vya umma yanapitia ile namba ya malipo ya serikali tunayoiita kontroo namba. Ukiiingiza, unaonyeshwa ni ya taasisi gani, ya nani na ya kiasi gani kabla hujalipa. Hapo jina lina maana, kwa sababu ankara ilitengenezwa kwa ajili yako na wewe unajua unadaiwa nini. Mtu akikuambia ulipie nafasi ya hosteli kwenye laini ya simu, "jina litakuja la mhasibu", kata simu. Mdogo wako aliyechaguliwa mwaka huu hajui hili. Mwambie kabla hajapanda basi.

La nne linatuhusu hasa sisi tunaokwenda kufundisha. Tutapangiwa shule kwenye vijiji vingi kama Ihanda. Kikao cha wazazi kinachukua saa mbili, na dakika kumi zinatosha kwa jambo hili. Usiwaambie "hakikini jina" ukakaa. Waonyeshe kwa mfano: mtu mmoja awe mama, mwingine wakala, mwingine tapeli. Muulize mama kabla jina halijasomwa: unamtumia nani, na jina lake umelijulia wapi? Kama jibu ni "kwenye meseji", hela irudi mfukoni kwanza, apige simu ile namba ya zamani.

Mama mdogo aliuza mahindi mengine, mwenye nyumba akalipwa. Siku alipotuma tena alinipigia kutoka pale pale kwa wakala, akaniuliza lile swali letu la nyumbani, na hakutaka mzaha. Nilimjibu. Akanyamaza kidogo, kisha nikamsikia anamwambia yule dada, "Haya, ni yeye. Tuma."